Kompyuta Isipowaka: Okoa Taarifa Kwanza, Matengenezo Yafuate

Kompyuta si chombo cha ofisini pekee tena. Katika mtaa wa kawaida wa Chang'ombe, jijini Dodoma, kompyuta moja huweza kubeba alama za wanafunzi wa darasa zima, hesabu za kikundi cha VICOBA, picha za harusi za wateja wa mpiga picha, au tasnifu ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Siku kompyuta hiyo inapokataa kuwaka, swali la kwanza la mwenye mali huwa: "Itatengenezwa kwa shilingi ngapi?" Swali linalopaswa kutangulia ni jingine: "Taarifa zangu zitaokolewaje?"

Kompyuta kutowaka si ushahidi kwamba taarifa zimepotea. Huenda taarifa zikanusurika katika ubovu wenyewe, kisha zikapotea mikononi mwa anayetengeneza. Chombo hununuliwa kingine; kazi ya miaka mitatu hainunuliwi dukani.

Taarifa hukaa wapi

Kompyuta ina sehemu nyingi zinazotegemeana. Chaja na betri huleta umeme. Ubao mkuu, ambao mafundi huuita maza bodi, huunganisha sehemu zote. RAM hushika kazi inayoendelea kwa muda tu, na husahau kila kitu umeme unapokatika. Mafaili yako hayakai katika sehemu hizo, bali katika diski kuu.

Kwa hiyo, chaja ikiungua, skrini ikivunjika au ubao mkuu ukipata hitilafu, kwa kawaida mafaili hubaki palepale, mfano wa nyaraka zilizo ndani ya kabati ambalo kitasa chake kimeharibika. Hakuna anayechoma kabati ili apate kufungua mlango.

Zipo aina mbili kuu za diski. Ya kwanza ina sahani zinazozunguka na kichwa kinachosoma kikiwa juu yake kwa umbali mdogo kuliko unene wa chembe ya vumbi. Ya pili, iitwayo SSD, haina kitu kinachozunguka. Kila moja ina hatari yake, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Tambua aina ya tatizo

Kabla ya kumwita fundi, chunguza dalili. Zipo hali nne.

1. Haina dalili yoyote ya umeme. Jaribu soketi nyingine, kisha chaja nyingine inayolingana na kompyuta yako. Ikiwa ni kompyuta mpakato, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa takriban sekunde 30, kisha rudisha umeme na ujaribu tena. Hatua hii haigusi taarifa zozote.

2. Feni inazunguka na taa zinawaka, lakini skrini ni nyeusi. Unganisha skrini ya nje au televisheni. Picha ikionekana, tatizo lipo kwenye skrini. Ukisikia milio mifupi inayojirudia, huenda RAM imelegea au imeharibika. Katika hali zote mbili, diski huenda haina tatizo lolote.

3. Inawaka, lakini Windows haifunguki. Inaanza, kisha inakwama au inajizima na kuanza upya. Mara nyingi tatizo hili hutokana na mfumo endeshi kuharibika, ingawa linaweza pia kuwa dalili ya diski inayochoka. Hapa ndipo mlaji anapopaswa kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu tiba inayopendekezwa kwa haraka ndiyo inayoweza kufuta mafaili.

4. Diski inatoa sauti ya kugonga au kukwaruza. Zima kompyuta mara moja na usiiwashe tena. Kila unapoiwasha, kichwa cha diski huweza kuendelea kuchubua sahani zinazobeba taarifa. Usikubali diski yenyewe ifunguliwe juu ya meza ya kawaida, hasa katika mji wenye vumbi kama Dodoma, ambako kiangazi huchukua zaidi ya nusu ya mwaka. Kazi hiyo huhitaji chumba maalumu kisicho na vumbi.

Aidha, kompyuta iliyomwagikiwa maji au chai isiwashwe "kuona kama bado inafanya kazi". Chomoa umeme, toa betri kama inatoka, kisha uipeleke kwa fundi ikiwa imezimwa.

Njia salama za kunakili mafaili

Endapo diski haitoi sauti za ajabu, zipo njia mbili ambazo fundi wa kawaida anazimudu.

Njia ya kwanza ni kuwasha kompyuta kwa kutumia flashi iliyowekwa mfumo mwingine, mathalani Ubuntu, bila kuusakinisha. Kompyuta huendeshwa kutoka kwenye flashi, na mafaili yaliyo katika diski hunakiliwa kwenda kwenye diski ya nje. Mtu anayeendesha kazi hiyo achague kujaribu mfumo, si kuusakinisha.

Njia ya pili ni kuitoa diski na kuiunganisha kwenye kompyuta nyingine kwa waya maalumu wa USB au kasha la diski. Baadhi ya kompyuta mpya zina hifadhi iliyounganishwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu na haiwezi kutolewa. Kwa kompyuta hizo, ubao wenyewe hauna budi kutengenezwa kwanza.

Katika njia zote mbili, nakala ziende kwenye chombo kingine, si katika diski ileile. Anza na mafaili yasiyo na mbadala. Filamu na muziki vinaweza kusubiri.

Kompyuta nyingi za Windows 11 hufunga diski kwa usimbaji, wakati mwingine bila mwenye kompyuta kutambua. Ubao mkuu ukibadilishwa au diski ikihamishiwa kwenye kompyuta nyingine, utaombwa ufunguo wenye tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo huwa umehifadhiwa katika akaunti yako ya Microsoft. Utafute mapema kwa kutumia simu, uunakili na kuutunza, kwani bila ufunguo huo hata fundi hodari hawezi kuyasoma mafaili yako.

Tahadhari kuhusu "kupiga Windows"

Mafundi wengi ni waaminifu na wanaijua kazi yao. Hata hivyo, kompyuta inapogoma kufunguka, njia ya mkato ni "kupiga Windows", yaani kufuta mfumo uliopo na kuweka mwingine. Kazi hiyo huisha haraka, na kompyuta hurudi ikiwaka vizuri. Mteja hugundua baadaye kwamba imerudi tupu.

Jambo la kufahamu ni kwamba Windows yenyewe ina chaguo la kujirejesha upya, nalo lina njia mbili: moja hubakiza mafaili binafsi na kuondoa programu ulizoweka, nyingine hufuta kila kitu. Mkono ukiteleza, hasara ni kubwa. Hata njia inayobakiza mafaili isitumike kabla ya kuyanakili.

Ikiwa diski imekwisha kufutwa, acha kuitumia papo hapo. Katika diski ya kuzunguka, mafaili yaliyofutwa kwa haraka huweza kubaki hadi yaandikwe mengine juu yake, hivyo lipo tumaini la kuyarejesha. Katika SSD, mfumo huwa unasafisha nafasi zilizofutwa wenyewe, na tumaini hilo ni dogo sana.

Kubaliana na fundi kwa maandishi

Usimkabidhi fundi kompyuta kwa maneno "itengeneze tu". Andikeni karatasi moja yenye mambo haya:

- Jina la duka, jina na simu ya fundi, na tarehe ya kupokea.
- Aina ya kompyuta, namba yake ya utambulisho, na ukubwa wa diski na RAM, ili kompyuta isirudi ikiwa na vifaa vidogo kuliko vilivyokuwamo.
- Sentensi hii: "Diski isifutwe, na Windows isiwekwe upya, bila idhini ya mwenye kompyuta."
- Gharama ya uchunguzi, na gharama ya kunakili taarifa ikitajwa peke yake.
- Kifaa kibovu kilichobadilishwa kirudishwe kwa mteja, hususani diski, kwa kuwa bado inaweza kubeba siri zako.

Usitoe nywila ya barua pepe wala namba ya siri ya benki; fundi hazihitaji ili atengeneze kompyuta. Daima dai risiti.

Haki zako kisheria

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha au kumdanganya mlaji. Fundi akidai kwamba diski imekufa ilhali ni nzima, ili auze nyingine, mlaji anaweza kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa la jinai. Kukabidhi kompyuta itengenezwe si ruhusa ya kupekua picha na barua zako. Vilevile, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeweka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambako anayeona taarifa zake zimetumiwa vibaya anaweza kulalamika. Karatasi ya makubaliano na risiti ndivyo vitakavyokuwa ushahidi wako.

Nakala rudufu

Ushauri ulioenea duniani ni kuwa na nakala tatu za mafaili muhimu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikiwa nje ya nyumba au ofisi. Kwa mlaji wa kawaida hilo lina maana ya nakala iliyo katika kompyuta, nyingine katika diski ya nje, na ya tatu katika hifadhi ya mtandaoni au kwa ndugu unayemwamini. Chagua siku moja ya juma kwa kazi hiyo. Chomoa diski ya nje unapomaliza, kwani hitilafu ya umeme inayounguza kompyuta huweza kuunguza na kilichounganishwa nayo.

Aliye na nakala humkabidhi fundi chombo tu. Asiye nayo humkabidhi kazi yake yote, na hana budi kumwambia hivyo kabla bisibisi haijagusa skrubu ya kwanza.