Saa ya nahodha
Ilikuwa ndani ya kikombe cha chai. Nilikuwa nimepita kwa fundi saa pale Kilindoni kubadilisha betri ya saa yangu ya plastiki, kazi ya dakika 5, nikakaa mpaka adhana ya adhuhuri kwa sababu ya kilichomo kikombeni: saa ya mkononi ya mraba, nyeusi ti, isiyo na tarakimu hata moja usoni.

“Miaka minne hiyo,” akasema fundi kabla sijauliza. “Ya nahodha. Mwanawe aliileta kutoka Maskati.”

Miaka minne baharini, na inang'aa hivi? Fundi, ambaye hakutaka jina lake litoke gazetini, alicheka akavuta mtoto wa meza. Humo mna maiti za saa: za chuma zilizotoboka vishimo, za rangi ya dhahabu zilizochunika mpaka shaba ikaonekana, vifungo vya mikanda vilivyogandishwa na kutu. Kisiwani Mafia chumvi haiko majini tu, imo hata kwenye upepo. “Huku nazika zaidi kuliko ninavyotibu,” akasema.

Kisha akachukua bisibisi, akaiburuza kwa nguvu juu ya ile saa nyeusi. Nilishtuka. Mstari mweupe ukabaki. Akaupangusa kwa kidole gumba, ukatoweka: ilikuwa ni bisibisi iliyoacha chembe zake, saa haikuguswa. “Hii ni kauri, mwanangu. Hata mchanga wa ufukweni hauiwezi.”

Kauri. Neno hilo kwetu kwanza ni simbi wa pwani, kisha sahani za Kichina. Nenda Kisimani Mafia bamvua likitoka, utaona vigae vya vyombo vilivyovunjika karne nyingi zilizopita, mahali ambapo mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba. Bahari imemeza nyumba, lakini rangi za vigae zimebaki. Kauri ya saa si udongo, ni unga wa oksidi ya zirkoni unaochomwa kwenye joto la nyuzi zipatazo 1,450 mpaka ukasinyaa, kwa hiyo kasha hufinyangwa kubwa kuliko litakavyokuwa. Rado ya Uswisi iliingia katika kauri hii mwaka 1986 kwa saa ya Integral. DiaStar yao ya 1962, wanayojivunia wazee wengi waliowahi kufanya kazi Ghuba, ni ya metali ngumu, ingawa wengi huziita zote kauri. Mwaka 2020 wakatoa True Square, mraba wa kauri, otomatiki, kama hii ya nahodha.

Kwa nini mraba? Fundi hakuupenda mwanzoni. Kifuniko cha nyuma cha duara unakikaza kama cha chupa. Cha mraba hushikwa kwa skrubu au hubanwa tu, na mpira wa ndani hauna budi kukunja kona nne. “Maji hupenda kona,” akasema. Hata kuanguka, saa hii ilianguka kwa kona, siku ya kushuka botini, ikameguka kipande cha punje ya mchele. Chuma kingebonyea, ukakipiga tupa. Kauri haipigwi tupa wala haizibwi. Ni kubadili kasha zima. Saa za aina hii zikiwa mpya hupita shilingi milioni 4. Hii, na kona yake, Kariakoo wangempa nini? Fundi alipandisha mabega.

Nikauliza ugonjwa wake.

“Haina ugonjwa.”

Ndani kuna uzani wa nusu duara unaozunguka kila mkono unapotikisika, ukikaza kamani. Betri haimo. Ukiivua, baada ya siku mbili tatu inasimama. Nahodha haivui mpaka isimame. Alipata kiharusi, na mkono wake wa kushoto, wenye saa, umelala. Kila inaposimama humtuma mjukuu ailete, eti ni mbovu. Fundi huivaa mwenyewe siku nzima, akifungua redio na simu za watu, kisha huirudisha ikitembea. Akrabu fupi huiweka Kiswahili, jua likichomoza iwe juu kabisa. Uso usio na tarakimu haubishani na mtu.

“Si aivae mkono wa kulia?”

“Nimemwambia. Anasema wa kulia ni wa kula na kusalimia watu.”

“Na sababu ya kusimama umemwambia?”

Fundi alipuliza vumbi lisilokuwepo juu ya kioo. Mara hii ni ya saba, akasema, na hela hachukui. Kisha akaitoa saa kikombeni, akaifunga mkononi mwake wa kushoto, akaendelea na redio ya mtu.