Kiwanja cha Maskini

Neno kibarua, ambalo leo hutamkwa kila siku na watu wasioikumbuka asili yake, lilikuwa barua ndogo: kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili siku zake za kazi zipate kuhesabiwa. Dahari zikapita, na jina la kikaratasi likamhamia mtu mwenyewe, hata akaitwa kibarua yeye aliye na mikono na moyo, mke na watoto, jina la baba na jina la ukoo. Katika neno hilo moja imo dhulma nzima ambayo wafanyakazi wa pwani yetu waliinuka kuipinga, nayo ni mtu kutokuwa kitu ila hesabu iliyoandikwa na mwingine.

Katika bandari ya Kilindini, mjini Mombasa, siku za utawala wa Waingereza, makuli walikusanyika langoni alfajiri kungoja kuchaguliwa. Ikiwa meli imetia nanga, mnyapara alionyesha kidole na mtu akaingia; ikiwa hakuna meli, alirudi kwake katika mtaa wa Majengo mikono mitupu, na njaa ya siku ile ilikuwa yake peke yake. Aliyebahatika kuingia alibeba magunia mgongoni, akapanda na kushuka mpaka jua likachwa, wala hakujua kama kesho angeitwa tena. Vita kuu ya pili ilizidisha dhiki hiyo, kwa kuwa bei ya chakula na nguo ilipanda, kodi za vyumba zikapanda, na ujira ukachechemea nyuma. Mwaka 1939 watu hawa walikuwa wamekwisha kugoma. Tume ikaundwa, mengi yakaandikwa na machache yakatendeka.

Jumatatu, tarehe 13 Januari 1947, mnyapara hakupata wa kumwonyesha kidole. Wafanyakazi wapatao 15,000 waliacha kazi pamoja: makuli wa bandari, watu wa reli, makarani, watumishi wa hoteli, wapishi na maboi wa majumbani. Kwa muda wa siku kumi na mbili shughuli za mji zilizorota, na maelfu wakawa wakikutana katika uwanja wa mpira ambao wenyewe waliuita Kiwanja cha Maskini. Jina hilo lingalitoka kinywani mwa tajiri lingalikuwa tusi; lilipotamkwa na maskini wenyewe lilikuwa bendera. Hapo Mmijikenda aliketi na Mjaluo, Mkikuyu akaketi na Mkamba, na karani aliyevaa viatu akamsikiliza hamali asiye na viatu, wote wakisemezana kwa Kiswahili, lugha ambayo hapana kati yao aliyehitaji ruhusa ya kuisema.

Wahenga walinena kwamba mnyonge hana haki. Mimi siamini kuwa walitunga methali hiyo ili kumwamuru mnyonge anyamaze. Naamini walieleza hali ya mnyonge aliye peke yake. Pale kiwanjani hapakuwa na mtu aliye peke yake, na kwa sababu hiyo methali ile ilipungukiwa na nguvu zake.

Walidai nini? Walidai, kwanza, kwamba kazi iliyo sawa ilipwe ujira ulio sawa, asilipwe mtu kwa kutazamwa rangi ya ngozi yake. Walidai, pili, kwamba mshahara ufikirie mke na watoto, kwa maana mfumo wa siku zile ulimhesabu mfanyakazi kama kwamba hana jamaa, au kama kwamba jamaa yake hula mahali pengine kwa gharama ya shamba la kijijini. Walidai, tatu, staha: mtu mzima asidharauliwe kazini kwa kuwa ni Mwafrika. Madai mawili ya awali huweza kujibiwa kwa fedha. La tatu haliwezi, nalo ndilo lililoyapa mengine roho.

Serikali ilimleta Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, ambaye mwaka 1944 aliteuliwa na Gavana pasipo kupigiwa kura na watu wake. Aliwasihi wagomaji warudi kazini kwa ahadi kwamba malalamiko yao yatachunguzwa, nao wakarudi. Jaji Thacker, ambaye baadaye alimhukumu Jomo Kenyatta huko Kapenguria, aliongoza baraza la uamuzi, na nyongeza za ujira zikatolewa. Walakini mwezi wa Agosti mwaka ule ule wa 1947 kijana Chege Kibachia, kiongozi wa shirikisho la wafanyakazi wa Kiafrika lililozaliwa katika mgomo, alikamatwa, akahamishiwa Baringo, mbali na bahari na mbali na watu wake, akawekwa huko kwa muda wa miaka kumi. Msomaji na ayapime mambo haya mawili kwa pamoja. Mkono uliotoa shilingi ndio uliofunga kinywa. Na kwa tendo hilo watawala walikiri, pasipo kukusudia, kwamba walifahamu vema kuwa shilingi haikuwa kiini cha madai.

Lakini sauti haihamishwi kama mtu. Mwezi wa Septemba 1947 makuli wa Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukafuata njia ya reli kuelekea bara. Mwaka 1948 ikawa zamu ya Unguja, katika mgomo ambao wasomaji wengi wameujua kwa riwaya ya Adam Shafi iitwayo Kuli. Nairobi, mwezi wa Aprili 1950, Makhan Singh, mwana wa Kihindi aliyejitoa kwa ajili ya wafanyakazi wa rangi zote, alisimama katika ukumbi wa Kaloleni akatamka hadharani kwamba uhuru unatakiwa sasa. Mwezi uliofuata alikamatwa, na miaka kumi na mmoja ikapita kabla ya kuachiliwa. Hivyo madai ya ujira yalikuwa yamekwisha kuwa madai ya nchi.

Kura ilikuja kwa kugawiwa vipande. Mwezi wa Machi 1957 Waafrika wa Kenya waliwachagua wajumbe wanane wa kwanza, na miongoni mwao alikuwamo Tom Mboya, aliyelelewa na vyama vya wafanyakazi, na Ronald Ngala wa Pwani. Lakini mpiga kura ilimlazimu atimize masharti ya elimu, mali, kipato au utumishi, na aliyetimiza mengi aliweza kupewa hadi kura tatu, huku hamali asiye na mali wala cheti akisimama nje ya mlango. Mlango huo ulifunguliwa kwa kila mtu mzima katika uchaguzi wa Mei 1963. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo imeandika wazi, katika kifungu cha 41, haki ya mfanyakazi kulipwa ujira wa insafu, kujiunga na chama na kugoma.

Hata hivyo vibarua wangaliko. Wangali wanasimama alfajiri penye malango ya maghala na viwanja vya ujenzi, wakingoja kidole cha mnyapara, na wengi hawajui kwamba kifungu hicho kimeandikwa kwa ajili yao. Tuwaambie. Tuwaambie pia kwamba karatasi ya kura nayo ni barua ndogo, hafifu kama ile ya zamani. Ila ile ya zamani aliiandika tajiri akimhesabu mtu, na hii huiandika mtu mwenyewe, akihesabiwa kwa hiari yake.