Fahamu: Je, klabu ya Uganda inaweza kucheza Ligi Kuu ya Tanzania?

Kutoka uwanja wa Kaitaba, Bukoba, hadi mpaka wa Mutukula ni kama kilomita 80. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,300. Kwa shabiki wa Bukoba au Muleba, Kampala ni jirani kuliko Dar, kwa hiyo swali hili si la kubuni.

Kanuni za FIFA zinaruhusu, ila kwa hali ya kipekee: vyama vya nchi zote mbili, shirikisho la bara na FIFA yenyewe lazima viridhie. Vita vya Sudan, vilivyoanza Aprili 2023, vilifungua mlango huo. Al Hilal na Al Merrikh za Omdurman zilicheza ligi ya Mauritania msimu wa 2024/25, kisha zikahamia ya Rwanda.

Ugumu uko kwenye ubingwa. Mgeni akiongoza msimamo, nani aende Ligi ya Mabingwa Afrika? Wellington Phoenix ya New Zealand inacheza ligi ya Australia, lakini haiwezi kuiwakilisha kwenye mashindano ya Asia.

Mkimbizi wa vita apokelewe, tena kwa mikono miwili. Mwaliko wa kudumu ni jambo jingine. Kagera Sugar, timu ya Kaitaba, ilishuka daraja msimu wa 2024/25, na kila nafasi anayopewa mgeni inaifungia njia timu ya mkoani inayopigania kurudi. Kaitaba inastahili kwanza Ligi Kuu yake.