Kabla ya Kuchagua Chuo cha Uuguzi
Binti aliyekuwa akimuuguza mama yake wodini aliniuliza: “Daktari, nisome uuguzi, au nisubiri udaktari?”

Nilimjibu: “Binti yangu, uuguzi si ngazi ya kupandia udaktari, ni taaluma kamili. Usiku hali ya mgonjwa inapobadilika, muuguzi ndiye huigundua kwanza, nasi madaktari huamshwa naye.”

Nchini Tanzania, shahada ya uuguzi huchukua miaka 4, kisha hufuata utarajali. Kabla ya kulipa ada, hakikisha kwamba programu imeidhinishwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Pasipo usajili na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, mhitimu haruhusiwi kuhudumia wagonjwa. Uliza pia wanafunzi hufanyia mazoezi hospitali gani, na nani huwasimamia. Uuguzi haufundishwi ubaoni pekee.