Bonasi Imeingia, Meseji Haijafika: Uliza Kwanza Kabla ya Kutuma Tena



Mnaijua ile wiki ya bonasi. Mwaka wa chai hufungwa mwisho wa Juni, na kufikia Oktoba mkulima mdogo anayepeleka majani kwenye kiwanda kinachosimamiwa na KTDA huwa amekaza macho kwenye simu. Pesa ikishaingia benki au sacco, haikai. Inashuka kwenye simu, na kutoka hapo inaenda kwa mchumaji, kwa duka la mbolea, kwa shule, kwa fundi wa mabati. Litein, Kapkatet, Sotik, Silibwet, kote foleni kwa ajenti inafika barabarani.

Kwetu sisi huku ofisini, hiyo ndiyo wiki ya kutolala. Leo tunataka kuwaeleza tunafanya nini kabla wiki hiyo haijafika, na kwa nini. Tutaanza na kosa letu wenyewe.

Mama wa Litein

Jioni moja ya msimu wa bonasi, mteja wetu mmoja, mama anayelima chai nje kidogo ya Litein, alimtumia mchumaji wake shilingi 4,500. Simu ikazunguka, ikazunguka, halafu ikaleta maneno haya: "Huduma imeshindwa. Tafadhali jaribu tena."

Naye akajaribu tena. Nani angekosa kufanya hivyo? Ni sisi tuliomwambia.

Baada ya dakika kama 20 meseji zikaingia mbili. Shilingi 4,500 zilikuwa zimekwenda mara mbili. Mchumaji naye, akidhani mama amemlipa na deni la mwezi uliopita, alikuwa tayari ametoa pesa na kumaliza deni lake dukani. Hakuwa mwizi. Walikaa wakakubaliana akatwe kidogo kidogo kwenye uchumaji wa wiki zilizofuata. Lakini zile pesa zilikuwa salio la karo ya mtoto, na shule haingoji uchumaji.

Tulimrudishia mama ada ya muamala wa pili na tukamwomba radhi. Halafu tukaanza kutafuta kosa lilipokuwa.

Namba moja tu

Zamani, injinia aliingia kwenye chumba cha seva akaunganisha mashine kwa mkono. Siku hizi kampuni nyingi hukodi kompyuta kwenye klaudi, yaani vituo vikubwa vya kompyuta vinavyomilikiwa na kampuni nyingine, na mpangilio wote huandikwa kama maandishi. Faili moja linasema: tunataka kompyuta ngapi, mlango upi uwe wazi, nani aruhusiwe kuingia, lango lisubiri jibu kwa sekunde ngapi kabla ya kukata. Programu kama Terraform, iliyotolewa na kampuni ya HashiCorp mwaka 2014, husoma faili hilo na kujenga kila kitu yenyewe. Maandishi hayo ndiyo huitwa msimbo wa miundombinu.

Uzuri wake ni kwamba kilichoandikwa kinaweza kusomwa na kurekebishwa. Ubaya wake ni kwamba kosa la namba moja linaweza kujengwa kila mahali kwa dakika chache.

Kosa letu lilikuwa hilo. Muda wa kusubiri kwenye lango ulikuwa mfupi kuliko muda ambao daftari la miamala lilihitaji jioni yenye watu wengi. Ombi la mama lilifika, likaandikwa, pesa ikaenda. Jibu lilipokuwa njiani kurudi, lango likakata. Mama akaambiwa imeshindwa, kumbe imefaulu.

Hatuko peke yetu. Tarehe 28 Februari 2017, mfanyakazi wa Amazon aliyekuwa akitafuta hitilafu kwenye hifadhi yao ya data huko Virginia, Marekani, alikosea sehemu ya amri moja na kuzima seva nyingi kuliko alivyokusudia. Tovuti na programu nyingi duniani zilisumbuka kwa saa kadhaa. Amazon ilieleza jambo hilo hadharani na kuongeza kinga kwenye chombo kilichotumika. Somo ni kwamba umakini wa mtu mmoja hautoshi. Lazima kuwe na kipimo.

Kusoma mizani si kupima

Je, faili letu halikukaguliwa? Lilikaguliwa. Maandishi yalikuwa sahihi na wenzetu wawili waliyasoma. Lakini fikiria mizani ya kituo cha kununulia chai. Unaweza kusoma karatasi ya mizani hiyo ukaikuta safi kabisa, yenye mhuri. Ila ukitaka kujua kama inasema kweli, unatundika jiwe ambalo kilo zake zinajulikana, kisha unaangalia mshale au namba inasimama wapi.

Sisi tulikuwa tumesoma karatasi. Hatukuwa tumetundika jiwe.

Sasa tunatundika. Mainjinia wetu wanatumia maktaba saidizi, yaani mkusanyiko wa vipande vya msimbo vilivyoandikwa tayari na wengine ili usianze kila kitu mwanzo. Moja inayojulikana sana kwa kazi hii ni Terratest, iliyoandikwa kwa lugha ya Go na kampuni ya Gruntwork, ambayo tangu 2018 yeyote anaweza kuitumia bure. Kazi yake ina hatua 3.

1. Kujenga. Kila mabadiliko yanapoandikwa, jaribio linajenga mfumo wa kweli, mdogo, kwenye akaunti ya pembeni kabisa. Hakuna jina lako humo wala shilingi yako. Kila mfumo hupewa jina la kubahatisha ili majaribio mawili yasigongane.

2. Kuuliza. Mfumo ukisimama, jaribio linaubishia hodi: upo? Unajibu? Mlango uliopaswa kufungwa umefungwa? Ule wa sekunde umewekwa namba gani? Kwa kosa letu tuliongeza swali moja: daftari likichelewa makusudi, lango linasubiri au linakata?

3. Kubomoa. Kila kitu kinaondolewa, maana klaudi hulipiwa kadiri ya muda inavyotumika. Hapa kuna ujanja mmoja tunaoupenda: agizo la kubomoa huandikwa kabla ya agizo la kujenga. Ni kama kukodi hema la harusi, ambapo siku ya kurudisha inaandikwa kabla hema halijasimama. Jaribio likifeli katikati, mfumo unabomolewa tu.

Tahadhari haikosekani. Lugha ya Go, usipoiambia vingine, hukatiza jaribio lolote linalozidi dakika 10. Likikatizwa hivyo, zamu ya kubomoa haifiki, na mashine zinabaki zikilipiwa usiku kucha. Kwa hiyo muda huo huongezwa mapema. Unaona? Hata kipimo chenyewe kina sekunde zake za kuangaliwa.

Mashine nayo hujaribu tena, lakini kwa akili

Hapa ndipo habari ya mainjinia inapokuhusu wewe moja kwa moja.

Kompyuta mpya ya klaudi haiamki papo hapo. Ndiyo maana maktaba saidizi haikati tamaa kwa jibu la kwanza. Inaweza kuambiwa iulize hadi mara 30, ikipumzika sekunde 5 kila mara. Hiyo ni kama dakika 2 na nusu za kubisha hodi bila kuchoka.

Mbona mashine iruhusiwe kurudia mara 30, na mama wa Litein aumie kwa kurudia mara 1? Kwa sababu mashine inarudia kuuliza. Kuuliza "upo?" mara 30 hakubadilishi kitu. Mama alirudia kutuma, na kila kutuma ni pesa kutoka mfukoni.

Kwa hiyo tumebadilisha mambo mawili upande wetu. Kwanza, jibu likichelewa hatusemi tena "imeshindwa" wakati hatujui. Tunasema: "Ombi lako linashughulikiwa. Usitume tena. Angalia salio." Pili, ukituma kiasi kilekile kwa nambari ileile ndani ya muda mfupi, simu itakuuliza kwanza kama kweli unataka kutuma mara ya pili.

Nawe fanya hivi

Majaribio hayazuii kila kitu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zilizo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikawa ya kusuasua Kenya na nchi jirani. Mvua ya Bomet nayo unaijua, stima ikipotea mtandao unaweza kupotea nayo. Siku kama hiyo, simu ikizunguka bila jibu:

- Usitume tena. Ngoja kwanza.
- Angalia salio. Limepungua? Basi pesa imeenda, hata kama meseji haijafika.
- Salio halijapungua? Fungua taarifa fupi ya miamala yako uhakikishe.
- Mpigie uliyemtumia. Muulize kama ameona kitu. Simu ya sekunde 30 ni rahisi kuliko 4,500.
- Ukishatuma mara mbili, wasiliana nasi mara moja ukiwa na nambari ya muamala, kabla mpokeaji hajatoa pesa. Hatutawahi kukuuliza PIN yako.
- Ajenti, ukiona wateja wawili au watatu wamekwama, waambie walio kwenye foleni wasubiri. Utakuwa umewaokoa wengi.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mainjinia wetu sasa wanauliza mara 30 kabla ya mabadiliko yoyote kugusa pesa yako. Tunakuomba wewe uulize mara 1 tu kabla ya kubonyeza tena.

Na mama wa Litein? Bado ni mteja wetu. Tulipompigia kumweleza tulichorekebisha, alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema siku hizi huangalia salio kwanza, ndipo anaangalia meseji zetu. Tumeona ni sawa. Nanyi fanyeni hivyo.

Tunawatakia msimu mwema wa bonasi.