Ndigana kali: maradhi ya kupe yanayoiga saratani ya damu

Saratani ya chembe za damu inayowapata farasi zaidi ni limfoma, ambapo limfosaiti, chembe nyeupe za kinga, huzaana bila kikomo. Katika vilima vya Gitega na Muyinga, nchini Burundi, farasi ni nadra. Ng'ombe ndio wengi, nao wana adui anayezigeuza chembe hizohizo kwa namna inayofanana sana na saratani: ndigana kali.

Kimelea chake, Theileria parva, huenezwa na kupe wa kahawia anayependa kujibandika masikioni. Kikishaingia ndani ya limfosaiti, huilazimisha kugawanyika mfululizo. Chenyewe hujishikiza kwenye nyuzi ambazo chembe huzitumia kujigawa, hivyo kila chembe mpya huzaliwa ikiwa na kimelea tayari. Ndiyo maana tezi iliyo chini ya sikio huvimba mapema, kisha ile ya mbele ya bega, na homa hupanda.

Hapa ndipo penye matumaini. Kimelea kikiuawa kwa dawa iitwayo buparvakuoni, chembe huacha kuzaana ovyo. Limfoma ya farasi haina tiba nyepesi namna hiyo. Lakini dawa hufaa ikiwahi. Mapafu yakishajaa maji, ng'ombe huhema kwa shida, povu humtoka puani, na wengi hufa ndani ya wiki tatu au nne tangu kuambukizwa. Ng'ombe wa kisasa na machotara wao huathirika zaidi kuliko ng'ombe wa asili wa Ankole waliozaliwa penye kupe, ingawa ndama wa Ankole nao hufa.

Kinga ipo. Chanjo iliyotengenezwa Muguga, Kenya, humpa ng'ombe vimelea hai pamoja na antibiotiki ya oksitetrasaiklini, ili mwili ujifunze kupambana navyo. Kupe naye hutupa nafasi: akishauma, vimelea huchukua siku kadhaa kukomaa kwenye tezi zake za mate. Kumwogesha au kumpulizia ng'ombe dawa kwa ratiba huwaua kupe kabla hawajaambukiza. Anayefugia zizini asijione salama, kwani majani yaliyokatwa porini huja na kupe.

Mfugaji, papasa tezi za ng'ombe wako kila unapokamua. Ukikuta uvimbe na homa, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo, wala usisubiri ng'ombe aache kula.