Wadudu Wawili wa Kahawa Wanaofanana kwa Pembe

Wakulima huleta ofisini mbawakawa mwenye pembe ndefu na kusema, "Huyu ndiye mdudu wa kahawa." Lakini wako wawili, na ukikosea jina utakata mahali pasipo ugonjwa.

Wa kwanza ni Monochamus leuconotus, yaani mwenye mgongo mweupe; katika vitabu vya zamani aliitwa Anthores. Ni mnene, kama sentimita 3, rangi ya majivu meupe yenye mabaka ya kahawia. Funza wake hula gome karibu na ardhi, kisha huingia ndani ya shina. Tazama unga wa mti chini ya shina.

Wa pili ni Dirphya nigricornis, yaani pembe nyeusi. Ni mwembamba, kichwa cha manjano. Funza wake huanza tawini akashuka, akitoboa matundu kwa safu kama ya filimbi. Likate tawi mapema, chini ya tundu la mwisho, ulichome moto.

Yule mweupe hapatikani kwa kukata matawi. Mchome kwa waya tunduni. Mti uliokwisha kuliwa gome pande zote, ung'oe uuchome.